Akiba ya Mshono

Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. Nguo za wateja aliziachia akiba ya kitambaa ya kidole kimoja ndani ya mshono, ya kuzitanulia zikibana. Za watu wa nyumbani kwake, vidole vitatu.

Mumewe, karani wa ofisi ya ghorofa ya tatu, alikuwa mtu wa miraba minne, kama baba yake na dada zake wote. Suruali ikianza kumbana, mkewe aliufumua mshono wa nyuma, akaitanua, akaipiga pasi na kuirudisha kabatini kimya kimya. Karani akabaki kujigamba kwa wenzake kwamba suruali ya harusi bado inamkaa. Watu wakimtania mbele ya mkewe, mke humjibia: "Kwao ni watu wa miili." Hakutaka ukoo wa mumewe uwe kichekesho.

Karani alianguka na kufariki kwenye ngazi za ofisi kabla hajatimiza miaka hamsini na mitatu. Suruali ilikuwa imemkaa sawasawa.

Sasa binti yao, mama wa watoto wawili, alikuwa kando ya cherehani na gauni lake, anacheka. Muuguzi kamwambia uzito umezidi na sukari inamnyemelea, na kwamba kwa ukoo wake asifanye mzaha. Yeye kaona mizani ya zahanati ni mbovu.

"Kwapani linabana kidogo, mama, nadhani limerudi kwa kufuliwa. Lakini ningenenepa kweli, gauni hili la uchumba si lingenikataa zamani?"

Mama Futi alikwisha kushika mkasi. Angecheka naye tu, na jina la nyumba lingebaki safi. Akauweka chini mkasi, akaligeuza gauni, akamwonyesha mistari ya vitundu vya sindano iliyoachwa na mishono ya zamani, kando ya mshono wa sasa.

"Hapa ulikuwa mchumba, mwanangu. Hapa umemzaa wa kwanza. Hapa ni juzi, ulipolileta nikushonee kifungo."

Binti alipitisha kidole kwenye vitundu, mstari kwa mstari. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliuliza mbona hakuambiwa. Mama akasema alidhani anamsitiri.

"Na suruali ya baba?"

"Mara nne. Ya tano nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha kuungia."

Akalikunja gauni, akamrudishia vilevile kama lilivyokuja.