Tuliwaita wazazi waje kusikiliza watoto wakisoma, wakaja na majembe

Wakuu, habari za jioni. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza. Nimechoka tu, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, shule ya msingi hapa Songea, pande za Msamala. Si mwenyeji, nimetokea Singida.

TV ya umma ya hapa mkoani ina kipindi cha kuhamasisha watoto kusoma. Wakakubali kuja kurekodi kwetu. Mtoto anasoma hadithi, mzazi wake amekaa pembeni anamsikiliza. Basi.

Aliyeisubiri siku hiyo kuliko wote ni Agnes. Binti ana kigugumizi, darasani alikuwa hasomi kwa sauti kabisa maana wenzake humcheka. Tulikuwa tunabaki naye baada ya vipindi, ukurasa uleule kila siku. Alitaka kitu kimoja, baba yake amsikie.

Tangazo likapita kwenye TV: wazazi njooni Jumamosi mshiriki shuleni.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mliosomesha shule za serikali mnajua, mzazi akiambiwa "kushiriki" ni kusomba matofali au kuchimba choo.

Wakaja wengi kweli. Majembe, mafyekeo, ndoo. Hakuna aliyeingia darasani, walipitiliza nyuma ya madarasa wakaanza kufyeka na kuchimba, baba yake Agnes akiwemo. Nikawafuata, jamani leo ni kusikiliza watoto. Mama mmoja akanijibu, "Tutasikiliza, mwalimu, ngoja tumalize kwanza hiki kipande." Watu wema, hata kuwakasirikia huwezi.

Watu wa TV nao wakaona picha ndiyo ile. Kamera ikatoka nje. Agnes akabaki na kitabu mapajani, hakusoma.

Kipindi kilivyorushwa, majembe mwanzo mwisho. Mtaa ukampongeza Baba Agnes kwa kuonekana anachimba. Mtoto akarudi kwenye ukimya wake. Iliniuma sana.

Nikamfuata mzee nyumbani. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akakuna kichwa.

"Sasa mwalimu, nikikaa tu namsikiliza, nitakuwa nimefanya kazi gani hapo?"

Kesho yake alikuja, peke yake kati ya wazazi wote. Akajibana kwenye dawati la nyuma. Agnes akaanza, mstari wa kwanza tu neno likamkwama. Nikataka kumsaidia. Baba yake akanizuia kwa mkono.

"Mwache, mwalimu, analitafuta."

Akalipata. Akasoma ukurasa mpaka mwisho.

Nilichojifunza, wazazi wetu si wagumu. Sisi wenyewe tumewazoesha kwamba shule inataka mikono yao tu. Kuwazoesha kingine ni kazi, na nyumba kwa nyumba sitaweza, nasema ukweli.

Walimu na wazazi wa humu, nisaidieni mawazo. Na kwako wewe unayesoma hapa, mtoto wako akifungua kitabu, nani anakaa kumsikiliza?