Mzee Akisema Ni Gesi Tu

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa mke mgeni kule Kerege, baba mkwe wangu Mzee Shomari alirudi kutoka shamba la mananasi kabla jua halijakaza. Aliketi barazani akashindwa kuvua viatu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Nilimpelekea uji, akauonja, akaurudisha, akasema ni gesi tu. Mwanangu, wazee wa pwani wamezikwa wengi na hiyo gesi.

Nakueleza haya kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya utafiti pale idara ya dharura, kuwauliza wagonjwa wanasikia nini na wanatibiwaje. Umepewa kishikwambi na koti jeupe, na nimeona unavyojitazama kwenye kioo. Jitazame, ni haki yako, kisha unisikilize shangazi yako.

Mume wangu alitupeleka hospitali kwa bajaji ya jirani. Yeye akaenda dirishani kuandikisha, mimi nikabaki na mkwe kwenye benchi. Unajua kwetu mke wa mtoto hampingi baba mkwe mbele za watu, wala hausemei mwili wake. Nilikaa upande, kanga usoni, macho chini.

Akaja daktari kijana, mwenye heshima zake. Naye alikuwa kwenye utafiti, wa wazee wanaofika na maumivu ya kifua yakadhaniwa kitu kingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unasumbuliwa na nini?"

"Alhamdulillahi, mimi sijambo. Gesi tu, imenikaba kidogo. Hebu muone kwanza yule mama mwenye mtoto, mimi nitasubiri."

Daktari akamshukuru, akageuka. Hakukosa adabu, adabu ndiyo iliyompoteza. Kwetu mtu mzima hasemi anaumwa kabla hajasema hajambo, na pengine haendi zaidi ya hapo. Yule kijana alilelewa hivyo hivyo, akaridhika na jibu. Mimi niliona midomo ya mkwe imekuwa rangi ya majivu, nikaogopa.

Nikasimama. "Daktari, mkwe wangu anakuficha," nikasema. "Tangu juzi hamalizi kulima hata tuta moja. Leo ameshindwa kuvua viatu. Mkono wa kushoto anaubeba kama si wake."

Benchi zima likageuka. Mzee Shomari alinitazama. "Binti," akasema, "nani amekutuma univue nguo mbele za watu?"

Nikarudisha kanga usoni. Lakini daktari alikwisharudi, ameinama mbele yake. "Nisamehe, mzee," akasema. "Nilikusalimia tu, sikukuuliza." Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani, wakakuta mshipa wa moyo umeziba. Walimpa dawa ya kutafuna, wakamkimbiza Dar kwa gari la wagonjwa.

Hakupona. Aliishi siku chache wodini, na siku hizo alizitumia vizuri. Aliwaita wanawe, akawapatanisha wawili waliokuwa hawasemezani, akamwomba mkewe radhi kwa mambo yao ya miaka. Mimi kila nilipokwenda nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwamkia. Aligeukia ukutani. Alikufa hajaniitikia, na iliniuma, mwanangu, inaniuma hadi leo na mvi zangu hizi. Nililia kuliko binti zake, na watu wakasema najikosha.

Arobaini ilipokwisha, mama mkwe aliniita jikoni. "Mume wangu ameondoka amekukasirikia," akasema, "na mimi nimebaki na maneno ya radhi aliyoniambia. Bila mdomo wako angekufa kimya kwenye benchi. Usijute." Hakunikumbatia wala nini. Aliendelea kukuna nazi yake.

Basi, mwanangu, ukifika pale msalimie mgonjwa, mpokee salamu zake, halafu uanze kumuuliza upya kana kwamba bado hajasema kitu. Usimuulize kama anaumwa. Muulize jana aliweza nini ambacho leo kimemshinda. Mtazame midomo, mshike mkono uone kama ni wa baridi. Akitaka kumpisha mwenzake, mkatalie kwa upole. Kisha mtafute anayempikia na kumfulia, hasa yule mwanamke aliyeinamisha kichwa pembeni, maana yeye ameona mengi na hana ruhusa ya kuyasema. Mwite kando, umuulize faragha. Yule daktari alikuwa mtu mwema, sina neno naye, lakini angenivuta pembeni asubuhi ile, huenda mkwe wangu angekufa ameniitikia.

Mungu akupe subira ya kuuliza mara ya pili. Akuepushe na mgonjwa atakayekufia mikononi nawe umeridhika na jibu lake. Na wale watakaosema ukweli mbele yako, usiwaache wapoteze radhi za wazee wao. Zangu unazo zote, nenda kazini.