Dawa Aliyotajiwa Nyamizi

Mmenichosha na kuniomba habari ya Nyamizi. Kuandika nimejifunzia kwenye kisomo cha ngumbaru, na habari yenyewe ni shubiri. Haya, someni.

Mwaka themanini na tisa, Mihayo, mwanawe wa mwisho, alivimba taya. Leo kama kunde, wiki ya pili kama yai. Nyamizi akambeba mgongoni hadi zahanati, nje kidogo ya Tinde, kwa daktari Theonest, Mzinza, si Msukuma mwenzetu, aliyerudi kutoka kusoma Ulaya.

"Mama Mihayo, uvimbe huu mbaya. Nakuandikia barua; kesho gari linakwenda Mwanza. Huko kuna sindano."

"Sindano ya namna gani?"

"Kali. Inaua uvimbe, lakini na palipo pazima panaumia. Nywele zitanyonyoka."

"Yaani mnachoma nyumba mpate panya! Hakuna ya upole?"

Theonest aliipenda elimu yake kuliko kunyamaza. Akasema ipo inayotafutwa. Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo mno, ndizo seli. Ndani kabisa ya seli kuna amri, nazo hunakiliwa kwenye nyuzi zikafanyiwe kazi. Wataalamu wameunda kiuzi kifupi, kilichoandikwa kinyume cha amri moja tu. Kikiikuta, kinailalia.

"Kama kipande cha kibuyu kilichovunjika, mama. Kinakubali ufa wake, wa mwenzake hakikubali. Amri ikifunikwa haisomeki. Uvimbe unakosa maagizo."

"Na humo kinaingiaje?"

"Wanadhani seli inakimeza, inakifunga kwenye kifuko. Vingi vinaozea humo humo. Vichache vinavyoponyoka ndivyo vinavyofanya kazi."

"Ameshapona nani?"

"Wanajaribia seli zinazofugwa chupani. Walianza na za kuku."

"Kuku apone, mtoto wa mtu je?"

Theonest akacheka, akidhani ni utani. Kesho yake akaenda Kahama kwenye chanjo.

Lakini kwetu Usukumani mfumu, mganga wetu, hataji dawa asiyo nayo. Akikutajia, amekupokea: unahamia kwake, mgonjwa analala uani, nyie mnamlimia shamba hadi dawa iishe. Kwa hiyo gari la Mwanza liliondoka bila Nyamizi. Alijenga kibanda cha mabua nyuma ya zahanati, akaanza kupalilia mihogo ya daktari.

Siku kumi na mbili. Theonest aliporudi, jicho la Mihayo lilikuwa limesukumwa nje.

"Mama Mihayo! Hamkwenda Mwanza?"

"Kufuata nini? Nakungoja wewe na kiuzi chako."

"Mimi sina! Nilikisoma tu!"

"Sasa ulinitajia cha nini?"

Gari lilitafutwa mbio mbio. Mihayo alifia njiani, Mabuki, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake.

Baada ya matanga Nyamizi alirudi na jembe, akamaliza ile mihogo, mstari hadi mstari. Theonest alimsihi aache.

"Niache katikati," akamjibu, "useme dawa ilishindwa kwa uvivu wangu?"

Nyamizi yu hai, na bado anauliza. Basi wewe uliyesoma, usinipe pole. Niandikie: kile kiuzi kimetoka kwenye kifuko, au bado? Na kama mkononi huna, mwenye mtoto mgonjwa usimtajie.