Ngoma ya Ndani Kwenye Kompyuta Yangu

Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, ukumbi mzima ulipaswa kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeupanga hivyo. Nilikaa nao wiki mbili, naongeza hapa, napunguza pale, mpaka nikajua ni sekunde gani bibi harusi atakuwa amefika katikati ya zulia, na hapo ndipo ngoma iingie kwa kishindo. Ngoma ikaingia. Bibi harusi akaanza kutikisa mabega, wasichana wakainua simu zao kumrekodi. Na wale akina mama watu wazima wa meza za mbele wakaacha kupiga makofi, wote kwa mara moja.

Ilikuwa alasiri, katika ukumbi mmoja wa Kinondoni, kwenye kicheni pati, ile sherehe ya wanawake ya kumfunda na kumtuza bibi harusi. Mwanaume haingii kicheni pati. Mimi niliruhusiwa kwa sababu ya mitambo, nikawekwa kwenye kona nyuma ya spika na kuambiwa nisizungushe macho. Kwa hiyo nilichoona nilikiona kwa jicho la pembeni. Bibi mmoja alivuta kanga akajifunika uso. Mwingine, mama mnene ambaye dakika tano kabla aliniletea soda na kuniita mkwe, alikuja mbio. Sijapata kuona mtu wa umri ule akikimbia namna ile. Akachomoa waya ukutani.

Nikasikia mapangaboi yanavyozunguka juu.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimetengeneza mwenyewe, mama."

"Umetengeneza? Wewe? Mwanaume?"

Nikamtafuta mama yangu mzazi. Alikuwa meza ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kungwi wa bibi harusi, yaani ndiye aliyemfunda. Mama amefunda wanawake wa mtaa wetu wa Mtoni kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Hakunitazama mimi. Aliitazama spika, mdomo wazi. Na balaa ni kwamba bado sikujua nimefanya nini.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana kuna watu wanadhani nina bendi nzima chumbani. Chumba changu kiko uani kwa mama, Mtoni. Kina kitanda, kompyuta, spika mbili, na kibodi fupi ya piano ambayo funguo mbili zimekufa. Hakuna gitaa, hakuna tarumbeta. Vyombo vyote vimo ndani ya kompyuta, kwenye programu ndogondogo tunazoziita plagini. Hii ina piano, ile ina fidla, nyingine ina filimbi. Kila plagini inakuja na priseti zake, sauti ambazo mtu fulani huko aliko alishazirekodi, akazisafisha, akazipa majina. Wewe unachagua jina, unabonyeza, sauti inatoka. Sijawahi kushika fidla hata kwa kuonjeshwa, lakini nimewaliza watu kwa fidla kwenye harusi zisizo na idadi.

Kitu kimoja kilikuwa kinaniudhi: ngoma. Priseti za ngoma za Kiafrika zilizokuwa zinatufikia zilikuwa za sinema, ngoma za watu wanaofukuzwa na simba. Unaiweka kwenye wimbo wa Kizaramo, wimbo unakuwa mtalii. Kwa hiyo siku mmoja wetu alipotuma plagini mpya kwenye kundi letu la simu, kundi la maprodyuza wa huku Temeke na kule Manzese, mimi nilisonya kabla hata sijaifungua. Ilikuwa na picha ya jua linazama na mti mmoja mkavu. Nikaifungua hivyo hivyo, kwa ubishi.

Priseti namba kumi na tisa ilinikalisha wima. Ngoma nzito, ya kwetu kabisa, unaisikia ngozi na unamsikia mpigaji. Juu yake kulikuwa na sauti ya mwanamke iliyokatwakatwa: ma-ma-ma-ma. Jina lake lilikuwa la Kizungu, maana yake msichana anacheka. Na kweli ukiikimbiza kasi ilikuwa inacheka. Nilirukaruka peke yangu chumbani. Nikaiongeza kasi zaidi, nikaifanya ndiyo roho ya wimbo, na sikumwonjesha mama hata kipande, kwa kuwa nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza. Zawadi ikashtukiza.

Tulirudi Mtoni kwa teksi, mimi na mama. Tulipofika hakupitia kwake, alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, ambako huwa anaishia mlangoni akilaani uchafu. Akakaa kitandani.

"Washa hilo dude lako."

Nikaliwasha.

"Ile ni ngoma ya ndani," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Unajua ngoma ya ndani?"

Nilijua kwa jina, kama mwanaume yeyote wa nyumba ile. Siku mwali anapoingizwa ndani na makungwi wake, wanaume wote hutoka. Marehemu baba alikuwa anatushika mkono sisi wavulana, tunaondoka asubuhi kwenda kwa jamaa zake, tunarudi jua limekwisha. Kinachopigwa mle ndani mwanaume hakisikii, na mwanamke aliyekisikia hakisemi. Nilikua nikijua hivyo bila kuuliza, na sikuwahi kuona haja ya kuuliza.

"Tena siyo ya mtu mwingine," mama akaendelea. Akaninyooshea kidole chake cha kati cha mkono wa kulia, kile kisichokunja. "Ni mkono wangu. Mie pigo la tatu nalichelewesha, kwa ajili ya hiki. Wenzangu wanaujua mkono wangu hata wakiwa wamelala. Palepale ukumbini nimesikia wameanza: kawauzia Wazungu. Kesho kutwa wanakaa kikao."

"Wakiamua ni wewe?"

"Wanachukua ngoma yao. Ile ngoma siyo yangu, baba, nimeshikishwa na aliyeshikishwa. Wakiichukua, hakuna mtu atakayeniletea mwali tena. Sasa mie nitakuwa nani humu Mtoni? Bibi wa kukaa barazani?"

Nikaona nimsaidie. Nikamwambia mama, tulia, hii ni mashine, mashine inaongopa, ngoja niirudishe kwenye mwendo wake wa asili usikie kuwa siyo wewe. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nikazima zile sauti nyingine zote, nikaondoa kasi yangu, nikaondoa na kasi waliyoiweka wenye plagini, nikabonyeza.

Ngoma ikatoka polepole, na pigo la tatu likachelewa. Lile cheko likavutika, likawa refu, na likiwa refu halikuwa cheko. Alikuwa mtu analia. Analia kwa kwikwi, anasema mama, mama, mama. Mwishoni kabisa, pale ambapo sauti inakatika ili ianze upya, nikasikia kikohozi. Kifupi, kikavu, mara mbili.

Kilikuwa changu.

Mtu unaweza kulikataa jina lako na sahihi yako, lakini kikohozi chako mwenyewe kikitoka kwenye spika, huna pa kukimbilia. Nikaikumbuka ile siku yote, mzigo mzima kwa mpigo mmoja. Ilikuwa miaka ya nyuma, ndiyo naanza muziki. Niliambiwa niondoke na wanaume wengine, nikaitikia, nikajifungia chumbani, kwa sababu umeme ulikuwa umerudi baada ya siku mbili na nilikuwa nashusha plagini moja kubwa. Nikavaa hedifoni. Ngoma ikapenya hedifoni. Haki ya Mungu sikuwaza ngoma ya nani wala ya nini. Niliwaza tu, sauti tamu kiasi gani hii! Nikapandisha simu kwenye matofali ya matundu juu ya ukuta, nikairekodi. Moshi wa udi ulikuwa unaingia palepale, nikakohoa.

Na baadaye? Baadaye nikaitia kwenye mfuko mmoja wa sauti, pamoja na mvua ya kwenye bati na kelele za sokoni, nikautuma kwenye kundi. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya wakati ule: unatoa sauti zako, unapewa plagini. Mimi nilipewa ya fidla. Mfuko ukaenda zake, ukapita mikono nisiyoijua, ukasafishwa, ukapewa jina na picha ya mti mkavu, ukanirudia, na mimi nikaushangilia kama mgeni kutoka mbali.

Mama alikuwa ananitazama.

"Labda kuna kungwi mwingine anapiga kama wewe," nikasema.

Nilisema hivyo. Nalikumbuka kila neno, na hadi leo linaniwasha.

"Labda," mama akajibu. Akainuka, akanyoosha shuka pale alipokuwa amekaa, akatoka.

Siku ya kikao aliondoka asubuhi, ameivika ngoma kanga mpya na kuibeba mwenyewe kifuani. Nilikuwa nimeapa nitakwenda kusema ukweli. Nilikwenda kweli, nikafika hadi kwenye geti la nyumba walimokaa kikao. Nikasikia sauti za wale akina mama, nikasikia mmoja anasema kwa ukali, nikageuza. Sina maneno mazuri ya kulipamba hilo: niliogopa. Nilirudi chumbani nikafuta wimbo, nikafuta plagini, nikafuta na ule mfuko wa zamani. Nilipomaliza kufuta ndipo akili ikanijia, nikajiona mpumbavu. Priseti namba kumi na tisa ilikuwa kwenye kompyuta za Manzese, za Mwanza, na za watu wasiojua hata Mtoni iko wapi. Nilikuwa nimefuta nakala moja.

Mama alirudi adhuhuri. Mikono mitupu.

Nikamkimbilia. "Umewaambiaje?"

"Nimewaambia ni mie. Alikuja mgeni, nikamruhusu arekodi."

"Mama! Siyo wewe. Ni mimi, nilirekodi mimi, siku ile sikuondoka..."

"Najua," akasema. "Nimekulea na pumu, nitashindwaje kukijua kikohozi chako?"

Nikapiga magoti palepale uani. Nikamwambia sikustahili kufichiwa, nitakwenda sasa hivi kuwaambia wote.

"Usijidanganye, sikukuficha wewe." Hapo ndipo hasira ilipomtoka, ya kwanza tangu ukumbini. "Nikisema mwanaume alikuwa nyuma ya ukuta, wataniuliza siku gani. Wakijua siku, wanamjua mwali. Yule binti alikuwa hana hata mwezi amemzika mama yake. Nyumba ya mume hawakutaka kusogeza harusi, tukamwingiza ndani hivyo hivyo. Ngoma ilipoanza akaanza kumwita mama yake. Unajua kwa nini nilipiga kwa nguvu vile siku ile? Ili akilia, wa nje wasimsikie."

Sikuweza kuinua uso.

"Ni nani?" nikauliza.

Hakutaka kusema. Halafu akaelekeza kwa kidevu nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa yule dada anayekaanga mihogo barazani kwake, ambaye haipiti siku bila kunisalimia na kuniuliza nitaoa lini. Mama akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku ile sikutoka tena. Kesho yake ilibidi nitoke, na njia ni moja tu, inapita barazani kwake. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitembea haraka.

"Kaka! Mbona wanikimbia? Njoo kidogo."

Nikasogea. Alikuwa ameshika simu, mafuta ya mihogo yanachemka pembeni. Kwenye simu nikamwona bibi harusi wa Kinondoni akitikisa mabega katikati ya zulia. Kipande kifupi, kinaishia pale waya ulipochomolewa. Wale wasichana walikuwa wamekisambaza.

"Huu si wimbo wako huu? Wanasema ulikatika umeme," akasema, anacheka. "Mie toka jana huyu mwanangu haniachi nipumzike, niuwashe, niuwashe. Hebu nirushie wote."

Akaubonyeza tena. Binti yake, hata miaka mitatu hajafika, akatoka mlangoni mbio, akaweka mikono kiunoni, akasubiri. Ngoma ilipoingia akaanza kuruka na kuimba kwa nguvu zake zote, pamoja na spika, hajakosea hata mahali pamoja: ma-ma-ma-ma.

Nilimwambia dada wimbo umefutika. Nilisema kompyuta imeharibika, sijui nilisema nini.

"Ahaa, jamani," akasikitika. Wimbo ukaisha, lakini mtoto hakuacha. Ma-ma-ma-ma, ma-ma-ma-ma, anamvuta kanga.

"Abee, mama," akaitikia, akainama kumbeba. "Abee. Nipo hapa."