Balozi Aliyepokea Nyasi

Kuna siku moja siwezi kuisahau, mjukuu wangu Mwende, hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu. Jua la Kajiado lilikuwa kali, ng'ombe wamekonda, na mimi nimesimama katikati ya mabalozi wawili nikiwa na viatu vya kuazima, nikijiona mtu mkubwa kweli kweli. Siku hiyo nilisema uongo mmoja mfupi. Mpaka leo naulipia.

Nakuambia haya kwa sababu ya lile neno ulilolisema Jumapili tukimenya viazi. Ulisema, "Susu, kwa hii kazi yangu ya wizara ya mambo ya nje tumefundishwa kwamba balozi mzuri ni yule anayejua kunyamaza." Sikukujibu. Wageni walikuwa wengi na hasira yangu unaijua. Sasa tuko wawili, weka hiyo simu chini, unisikilize.

Mimi ni Mkamba, hilo unalijua. Baba yangu alitoka Makueni akaja kuchunga mifugo ya ranchi upande wa Kitengela, wakati Kitengela ni nyumbu na vumbi tu. Nilicheza na watoto wa Kimaasai mpaka Kimaa, lugha yao, kikaniingia kabla ya Kiingereza. Ndiyo maana miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa karani kwa DO, yaani mkuu wa tarafa, huko Kajiado, na mgeni akija, mkalimani ni mimi.

Wakati huo kulikuwa na dola mbili kubwa ambazo zilikuwa zimenuniana miaka mingi. Sizitaji, wewe sasa ni mtu wa serikali, nisije nikakuharibia. Moja ilikuwa inatujengea barabara, nyingine inatuchimbia kisima cha mashine. Watu, kwa utani wao, wakawaita mabalozi wao Balozi wa Barabara na Balozi wa Maji. Ndiyo kwanza hizo dola zilikuwa zimeanza kupatana, na mabalozi walitaka kupigwa picha wakifungua kisima pamoja. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakusema kwamba wakipatana pia, hulala juu ya nyasi hizo hizo.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai, sisi tukimwita Koko, yaani nyanya, kama wewe unavyoniita Susu, kwa sababu ya umri wake. Mwanawe wa mwisho, Lemayian, alikuwa anavunja mawe ya ile barabara. Siku moja mwamba uliporomoka ukawavunja vijana wawili miguu. Lemayian akawaambia wenzake waweke nyundo chini mpaka mtu aje aulize habari ya usalama wao. Basi. Hilo ndilo kosa lake. Walinzi wa kampuni ya barabara walimshika wakampeleka seli ya polisi, na siku ya sherehe alikuwa amemaliza wiki mbili bila kuona hakimu. Mama yake alikatazwa hata kumwona. Lakini Koko alikuwa amemsikia Balozi wa Maji redioni akisema juu ya haki za binadamu, akasema, "Huyu ndiye nitamwendea."

Habari zikamfikia DO. Asubuhi ya sherehe aliniita ofisini akafunga mlango. "Leo ni maji peke yake," akaniambia. "Balozi wa Barabara atakuwa hapo hapo amesimama. Huyu mama akitaja kijana wake, wageni watatazamana vibaya, na sisi tutakosa barabara na maji. Mambo ya huyo kijana yatazungumzwa polepole. Mvumilivu hula mbivu. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Mwende, nilimwelewa vizuri sana, usidhani nilidanganywa.

Hotuba zilipokwisha, Koko alijitokeza kwenye umati. Hakuna aliyemzuia, maana nani atamsukuma mama mzee mbele ya kamera? Mkononi alikuwa ameshika nyasi mbichi. Kiangazi kile, nyasi za kijani! Alikuwa ameamka alfajiri akatembea mpaka mtoni kuzitafuta. Akasimama mbele ya Balozi wa Maji, akazinyoosha kwa mikono miwili, akasema kwa Kimaa, "Mwanangu Lemayian amefungiwa na hajaiba, hajapiga mtu. Naomba umwombe rafiki yako wa barabara aniachilie mtoto. Nashika nyasi mbele yako."

Asiyejua ataona ni majani tu. Lakini Mmaasai akikunyooshea nyasi mbichi anakuomba amani na huruma. Hata kwenye vita, adui akishika nyasi, mkuki hushushwa. Na ukizipokea, umekubali ombi.

Balozi akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilihisi macho ya DO mgongoni. Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, "Mama anawakaribisha. Nyasi ni ishara ya baraka ya mvua."

Ee Ngai, Mungu wangu! Yule mzungu akatabasamu mpaka masikioni. Akazipokea zile nyasi, akazichomeka kwenye mfuko wa koti kama ua la harusi. Balozi wa Barabara akapiga makofi. DO akapiga makofi. Na wazee wa Kimaasai nao wakapiga makofi, kwa sababu wao waliona amepokea. Koko alilia kwa furaha. Balozi alinipa kadi yake, akanisifu kwamba natafsiri vizuri.

Kesho yake Koko alikuja akaketi nje ya lango la ile seli na kibuyu cha maziwa. Ofisi yetu ilikuwa ng'ambo tu ya njia, kwa hivyo asubuhi na jioni nilipita mbele yake.

"Takwenya, Koko," nilimsalimu kwa Kimaa.

"Iko," aliitikia. "Namngoja. Mtu akipokea nyasi hawezi kukataa."

Siku ya pili, yuko. Ya tatu, yuko, na maziwa mapya. Nilianza kuzungukia nyuma ya duka la nyama ili nisimpite. Askari wa zamu walikuwa wanamcheka, na wakati mwingine, ukisimama karibu na ule ukuta, ulisikia vitu ambavyo sitaki kukusimulia. Koko alisikia pia. Alishika kibuyu chake akaendelea kungoja, kwa sababu aliamini neno limekwisha kufika.

Siku ya tisa alinikamata njiani kwa mkono. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua tu, "Mwanangu, kwani kwao hakuna nyasi?"

Nikavunjika. Nilipiga magoti kwenye changarawe nikamwambia yote.

Nilingoja laana. Wewe umezaliwa Rongai, huijui laana ya mama mzee wa Kimaasai. Mimi niliijua. Koko aliweka kibuyu chake chini. Halafu akasema, "Nilikuazima kinywa chako kwa sababu mimi sina Kiingereza. Ukakitumia kulinda tumbo lako. Sasa simama. Kinywa ni kile kile, twende nacho."

Niliomba ruhusa ya ugonjwa, na kusema kweli nilikuwa mgonjwa. Ile kadi ya sifa ndiyo iliyotufungulia geti la ubalozi Nairobi. Balozi alipomwona Koko alicheka kwa furaha, "Bibi wa mvua!" Nikamwambia, "Mheshimiwa, nilikudanganya." Nikaeleza nyasi ni nini, na Lemayian ni nani.

Alitembea mpaka dirishani akarudi. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia. Akasema, "Mwambie mama namhurumia. Lakini ndiyo kwanza tumeanza kuzungumza na wale watu. Kuna mambo makubwa, mambo ya vita na amani. Nikigusa hili leo, yote yanaweza kuvunjika."

Safari hii nilitafsiri kila neno. Koko alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwambie sisi pia tunajua kupatanisha," akasema. "Koo mbili zikiuana, hatuanzi kwa kunywa maziwa pamoja. Kwanza aliyekufa anatajwa jina, ng'ombe wa fidia wanatolewa, ndipo watu wanakunywa. Wakinywa kabla, yale maziwa yatatapikwa. Mimi sikumwambia ampige mwenzake. Sikumwambia amtukane mbele ya watu. Amuulize tu: Lemayian yuko wapi? Aulize polepole, wakiwa wawili. Asipojibiwa, wakikutana tena, aulize tena. Rafiki asiyeweza kuulizwa swali si rafiki, ni mtu unayemwogopa."

Akanyoosha nyasi. Alikuwa amezibeba ndani ya shuka, zimenyauka kwa joto la safari. Balozi aliziangalia. Kisha akachukua kalamu akaniuliza, "Jina lake linaandikwaje?" Alipomaliza kuandika, akazipokea kwa mikono miwili.

Siku ya tatu baada ya hapo Lemayian aliachiliwa. Na dunia haikuanguka, Mwende. Mabalozi waliendelea kula chakula cha jioni pamoja, kisima kinatoa maji hadi leo, na ile barabara ilikamilika, wewe unapita juu yake ukienda Namanga. Mimi tu ndiye niliyefukuzwa kazi, na hilo halikuniuma sana.

Kilichoniuma ni kingine. Nilienda kumsalimu Lemayian bomani kwao nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Nilimwita kutoka nyuma, hakugeuka. Nikamwita tena. Koko akaniambia, "Masikio yamekufa. Walimpiga hapo." Lemayian mwenyewe alisimulia kwamba siku ile ya kisima alisikia makofi yetu kutoka seli, na ngoma, na wanawake wakiimba. Siku tatu nzima baadaye bado alisikia ng'ombe wakipita njiani. Ni siku ya nne walipompiga mpaka pakawa kimya. Hesabu mwenyewe. Mimi nimeshahesabu mara nyingi. Kama ningetafsiri siku ile, kijana angetoka anasikia.

Nilitoka nje nikang'oa nyasi kavu, maana hapakuwa na za kijani, nikarudi nikamnyooshea. Maneno yangu yote ya msamaha yalikuwa ya bure kwake. Alinitazama, akatazama mkono wangu, akazichukua. "NIMEPOKEA!" akasema kwa sauti kubwa, mbuzi wakashtuka, kwa sababu hakuweza kujisikia anavyosema.

Basi, mwanangu, usiniambie tena kwamba balozi ni mtu wa kunyamaza. Jifunze upole, jifunze kuchagua saa na mlango wa kuingilia. Kelele za kwenye jukwaa mara nyingi zinamfurahisha mpiga kelele tu. Lakini kupunguza sauti ni kitu kimoja, na kulificha neno la mtu aliyeonewa ni kitu kingine. Utawekwa katikati ya wakubwa, na kila mmoja atakuambia leo si wakati wake. Kumbuka kwamba wao wanahesabu miezi ya mazungumzo, na kuna mtu mahali fulani anahesabu siku. Kwa hivyo kila mkiketi, uwe na jina moja kwenye karatasi yako, jina la mtu, si la nchi, na usiondoke mezani kabla hujaliuliza. Wakikununia, watanuna; watarudi tu, maana wanahitajiana. Masikio ya Lemayian hayakurudi.

Inamisha kichwa sasa. Koko aliniwekea mkono hivi siku ile bomani, akanitemea mate kidogo kichwani kama wanavyobariki kwao, na ninayo haki ya kukupa baraka hiyo. Ngai akupe kinywa laini kisichodanganya. Akuketishe na wakubwa bila kukusahaulisha walioko nje ya lango. Na mtu akikunyooshea nyasi, mikono yako yote miwili iwe mitupu, uzipokee.