Shingo ya Kaka Mbwana

Kwa miaka tisa kaka yangu Mbwana alitazama kushoto. Si kwa kupenda. Shingo ndiyo iliyomvuta mpaka kidevu kikakaribia bega, na akijitahidi kuirudisha ilitetemeka. Mama yetu, Bi Mwanaheri, akahamia kushoto kwake. Kwenye mkeka wa chakula, barazani kwetu Mbagala, nafasi ya kushoto ilikuwa yake, nasi tukazoea.

Mwanzoni tulisema ana pepo. Nasema tulisema, maana leo kila mtu mtaani anajifanya hakuwemo. Tulimfukiza, tukamsomea, na fundi mmoja wa pepo alimnyoosha shingo kwa nguvu mpaka kaka akazimia. Ndipo Mama akakubali hospitali. Huko wakasema ni distonia: ubongo unaipa misuli amri zisizo sawa. Vidonge na sindano vikashindwa. Mwishowe alipelekwa India, wakampitishia nyaya nyembamba ndani ya ubongo, na kifuani, chini ya ngozi, wakamwekea kifaa cha betri kinachopeleka umeme mdogo wa kutuliza amri hizo.

Alirudi bado kapinda. Walimwambia avute subira, itachukua miezi. Mwezi wa nne tangu arudi, mwisho wa sala ya alasiri, alitoa salamu ya kulia na uso wake ukaenda kulia kweli. Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele. Akamwaga ungo wote.

"Sasa hata nikifa utanisalia wewe, Mbwana," alisema. "Utoe salamu kulia na kushoto kama watu."

"Mama nawe, unakufa unakwenda wapi?" nikamtania.

Furaha ile ndiyo iliyomtia hofu. Majirani walikuja kumtazama kaka kama bibi harusi, na Mama akawa anayachunguza macho yao. "Kijicho hakina dawa ya India," alisema. Kumbe alimshonea hirizi, akamwambia aivae kifuani, asiivue wala asimwambie mtu. Hayo nimeyajua baadaye. Kaka hajawahi kumkatalia Mama jambo.

Siku chache tu baadaye, shingo ikaanza kurudi kushoto. Mama akaiongezea hirizi pini isidondoke.

Daktari anayekijua kile kifaa alitupangia wiki tatu mbele. Wiki ya pili presha ilimpanda Mama asubuhi, na adhuhuri hatukuwa naye tena.

Kaka alimsalia. Nilikuwa safu ya kwanza, nyuma yake. Alitoa salamu ya kulia kwa sauti huku uso umekwama kushoto, mabega yanahangaika kuusukuma. Nililia kwa hasira, nikawalaani madaktari wote na mashine zao.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari. Alikipima kifaa, akakunja uso. "Hakijaharibika. Kimezimwa. Una kitu chenye sumaku hapa kifuani?"

Kaka akafungua vifungo. Daktari alipoichana hirizi kwa mkasi, ndani ya karatasi ya dua kulikuwa na kipande cheusi, kikaung'ang'ania mkasi. Nilikijua. Nilikitoa mwenyewe kwenye spika ya redio yetu mbovu, Mama aliponiomba sumaku, ati huvuta husuda isimfikie mtu. Sikumuuliza ni mtu gani. Mpaka leo najichukia kwa hilo.

"Nani kakupa hii?" daktari akauliza.

"Mie mwenyewe," kaka akajibu. "Nilinunua."

Daktari akamfokea, ati mtu mzima na akili zake anajifunga sumaku. Kaka akateremsha macho, akakubali kufokewa. Mama hakutajwa, na mie nikanyamaza naye.

Kifaa kikawashwa, na shingo sasa imenyooka. Juzi tulisali alasiri pamoja nyumbani. Alitoa salamu ya kulia, uso ukaenda bila taabu, kisha ya kushoto. Hapo akabaki, anatazama pale Mama alipokuwa akikaa. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikaogopa, nikamgusa bega.

"Haijakwama, Mashaka," alisema. "Niache kidogo."