Nafasi Iliyopoozesha Mapaja Kumi na Sita

Saa nane na nusu mchana, Gunnvor Hatlestad yuko mbele ya kompyuta katika nyumba ya wazee mjini Ålesund, Norwe. Wenzake wa jioni wanakaribia kufika, na lazima waikute ripoti yake. Anaandika sentensi, anafuta neno moja, anatabasamu.

"Zamani saa hii ningekuwa natafuta kitanda cha kutandika," anasema. "Chochote, mradi nisiandike."

Mama huyu wa miaka 51 amehudumia wazee kwa miaka kumi na tisa, yote akijaza zamu za wengine. Ajira ya kudumu inataka cheti, na cheti kina mtihani wa kuandika. Ameanguka mara mbili. Majibu ya mara ya tatu yanatoka leo.

Shuleni insha zake zilirudi zimejaa wino mwekundu, akachagua kazi ya mikono ili aachane na kalamu. Kumbe kalamu ilikuwa imemtangulia kazini.

Pasaka ya mwaka juzi aliandika kwamba wazee wote wanane walipata lammelår, wakaridhika. Neno hilo ni paja la mwanakondoo, chakula cha sikukuu. Gunnvor akaliachia nafasi katikati: lamme lår, yaani mapaja yaliyopooza. Muuguzi wa jioni, Mpolandi mwenye Kinorwe kipya cha vitabuni, akampigia daktari mbio.

Nyumba nzima ilicheka wiki moja. Gunnvor naye alicheka, kisha akajifungia stoo ya mashuka akalia.

Aliyemtoa huko ni Ragnfrid Osvold, mwalimu mstaafu wa miaka 88, mmoja wa wale wanane. "Gunnvor, mapaja yangu mazima," alimwambia. "Zinazochechemea ni sentensi zako. Lete penseli."

Tangu hapo, kila siku baada ya kahawa, walikaa dakika kumi. Habari za wazee hazikuguswa, ni siri ya kazi. Waliandika kuhusu mvua, shakwe wezi na keki zilizoungua. Ragnfrid alikuwa na amri moja tu: msomaji hakuwepo, basi mwonyeshe.

Januari mzee mmoja aliacha chakula. Zamani Gunnvor angeandika "hana hamu". Safari hii aliandika kwamba alitafuna upande wa kulia tu, na kahawa ya moto ilipomgusa akashika shavu. Jioni hiyohiyo jino lenye usaha likagunduliwa. Mkuu wa zamu anasema ripoti ile ilimpunguzia mzee siku nyingi za maumivu, na Gunnvor anaposikia hivyo anaona haya kama msichana.

Saa tisa kasoro dakika tano, simu inatetemeka. Gunnvor hawezi kuitazama. Anampelekea Ragnfrid, ambaye anavaa miwani taratibu, kwa makusudi kabisa.

"Umefaulu," anasema. "Na vizuri. Ila waliokuandikia wamesahau koma."

Wanakumbatiana, mmoja akicheka, mwingine akitafuta leso.

Nafasi ya kudumu imetangazwa katika nyumba hiyohiyo, na mwisho wa maombi ni Ijumaa. Miaka yote barua za kuomba kazi aliandikiwa na mumewe. Hii ataiandika mwenyewe leo, mezani kwake. Ragnfrid anajitolea kuikagua kwanza.

"Hapana, Ragnfrid," Gunnvor anasema, akivaa koti. "Wewe utaisoma nikishaituma."